Mama Alizaa Saba

Binti yangu wa kwanza alikufa mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga ikiwa kali kuliko miezi yote, akiwa darasa la kwanza. Naanza na hilo moja kwa moja. Wenzangu wakiandika habari zao huanza na shule walizosoma, na mimi shule ya kuandika sina. Niliishia darasa la nne. Kusoma najua, kuandika najua, na kwenye hesabu usinijaribu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake sabuni tuliuziana kwa kujificha kama watu wanaouza gongo. Ghafla ikawa kila mwenye miguu anaruhusiwa kuuza anachokipata. Mimi nilikuwa na baiskeli. Nilikwenda nayo Kasesya, mpakani na Zambia, nikarudi na sabuni, betri na mafuta ya kujipaka, mzigo umefungwa mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Ukinikuta njiani ungedhani boksi linatembea. Baada ya baiskeli nikafungua duka Mazwi, pale mjini. Baada ya duka nikajenga mtaa wa Izia, nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, saruji chini. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nayasema haya ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekuja kuambiwa na daktari kwamba damu yake ina kasoro.

Mke wangu ni Msukuma. Baba yake alihama na ng'ombe zake kutoka kwao, akaja mpaka bondeni, chini ya genge lile la Lyamba lya Mfipa, kule kwenye joto la Ziwa Rukwa. Nilimkuta binti yake nilipoteremka kununua mpunga. Ndugu zangu hawakupenda. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, aliniuliza mbele za watu, "Wasichana wa Ufipa wameisha, mpaka ukaokote bondeni?"

Nikamjibu, "Shangazi, kwani unaoa wewe?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nilitoa ng'ombe kwa baba mkwe kama alivyotaka, bila kumpunguzia hata mkia, tukafunga ndoa kanisani.

Binti yetu alizaliwa mzuri tu. Shida ilianza alipokuwa anajifunza kusimama. Vidole vilivimba, vya mikono na vya miguu, akilia usiku na mchana. Tukapaka dawa, vikanywea. Baridi iliporudi vikavimba tena. Macho yakawa ya njano. Alikua mwembamba, tumbo mbele, lakini akili! Alikuwa anakaa dukani juu ya gunia la sukari, pale jua linapoingilia mlangoni, amevaa soksi mbili mbili za kiume nilizomchagulia kwenye robota la mitumba. Mteja akiingia akasita, anamwambia, "Sema upesi unachotaka, baba yangu hana subira." Hilo alilisikia kwa mama yake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu aliliona, na kila mtu akalisoma kwa namna yake. Mtoto akienda bondeni kwa babu yake, maumivu yalikuwa yanapungua. Anakaa miezi miwili anakimbia na ndama. Akirudi kwetu juu, wiki haiishi, amelala. Baba mkwe aliniambia, "Mwache hapa. Hapa anapona." Kwao walisema huko Sumbawanga kuna watu wanamla. Shangazi naye akasema kinyume chake, kwamba mtoto anapona kule kwa sababu wanaomtesa wako kule. Akifika mikononi mwao wanamwachia, akitoka wanamkamata tena, ili niendelee kuwateremshia ng'ombe za kumponya. Mimi nilijifanya siamini upande wowote. Lakini nilikataa kumwacha. Nilisema shule nzuri iko mjini, na mtoto wa mwenye duka hawezi kusomea chini ya paa la majani. Ukweli ni kwamba sikutaka ionekane kuna kitu Msukuma mchunga ng'ombe anakiweza na mimi nimeshindwa.

Tulimpeleka hospitali kubwa, huko mbali, safari ya siku mbili juu ya lori la mahindi. Hospitali zilikuwa zimekwisha kuanza kutoza, na mimi nilikuwa najivunia kwamba nalipa. Wakamchoma kidole. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, akatuita wote wawili akasema ni siko seli. Akachora kwenye karatasi chembe za damu, nyingine duara, nyingine zimepinda kama mundu.

"Ugonjwa huu," akasema, "mtoto anaupata kwa baba na kwa mama. Lazima wote wawili wawe nao ndani. Ukiwa kwa mmoja tu, mtoto haumwi. Na baridi inauamsha. Mfunikeni, anywe maji mengi, akipata homa msichelewe."

Mimi nilisikia "kwa mama". Sisemi kwamba daktari hakutamka vizuri. Alitamka vizuri kabisa. Lakini nilipotoka pale, neno lililobaki kichwani ni hilo, na njia nzima juu ya lori nilikuwa nalitafuna. Mke wangu aliniuliza, "Umesikia alichosema?" Nikamwambia nimesikia.

Baada ya miezi kama minane akafa, mdogo wake wa kiume bado ananyonya. Homa ilimpata jioni, asubuhi tukawa hospitali ya pale mjini, saa sita mchana mama yake hakuwa naye tena. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Msiba ulikuwa nyumbani kwangu Izia. Siku ya tatu, wanawake wakiwa wamekaa ndani kwenye mikeka, shangazi akaanza. Alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na moto wa jikoni, lakini kila mtu alisikia. Akasema katika ukoo wetu hajawahi kuona mtoto wa macho ya njano. Akasema damu imeletwa, haikuwepo. Akasema na yule mdogo anayenyonya, tutamwona. Mke wangu alinyanyuka, akaja mpaka mlangoni, mimi nikiwa nje na wanaume.

"Baba," akaniambia, ndivyo alivyokuwa ananiita, "waambie alichosema daktari."

Wanaume wote wakanitazama. Nikasema, "Daktari alisema unatoka kwa mama."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha, kisha ukagundua siye. Kesho yake akamfunga mtoto mgongoni, akateremka bondeni kwa baba yake.

Miezi mitatu nikakaa peke yangu na nyumba. Jamaa walikuja kunishauri. Walikuwa wamekwisha kunitafutia binti wa kijiji cha jirani na kwetu, Mfipa, mwenye afya, mama yake alizaa kumi. Shangazi ndiye aliyeongoza. Mimi nikasema sawa, lakini mimi ni mtu wa kufanya mambo kwa ushahidi. Nitakwenda kijijini niandike ukoo wetu wote, mtu kwa mtu, nani alizaa nani na nani alikufa kwa nini. Nikishaona ni safi, basi daktari alikosea, kasoro ni ya upande mmoja, namwacha mwanamke abaki kwao na moyo wangu unatulia. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Nikanunua daftari kubwa la mistari, nikapanda baiskeli.

Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Aliyebaki kuujua ukoo ni baba mkubwa, kaka yake. Nilimkuta amekaa juani nje ya nyumba amejifunga blanketi, wanawake wakipepeta ulezi uani, mama yangu akiwa mmoja wao. Baba mkubwa alifurahi sana. Hakuna aliyewahi kumwomba jambo hilo na daftari mkononi.

"Andika," akasema. "Babu wa babu yako alikuwa mfua vyuma. Yeye na ndugu zake walijenga tanuru la kuyeyushia udongo wa chuma, refu kupita nyumba hii. Majembe yao yalilima mpaka ziwani. Umeandika ziwani?"

"Nimeandika."

"Huyo akazaa watatu. Wa kwanza..."

Akaendelea mpaka jua likageuka. Akija kwenye kila jina, namuuliza alikufaje. Huyu uzee. Huyu alikwenda kufanya kazi machimboni Rhodesia ya Kaskazini, hakurudi. Huyu nyoka. Huyu pombe, usiandike pombe, andika tumbo. Hakuna aliyekufa mtoto. Karatasi kumi na moja, hakuna hata mmoja. Niliangalia daftari lile nikajiona mshindi, na ushindi ule ulikuwa na ladha mbaya mdomoni, lakini nilikuwa naumeza.

Tulipomaliza, baba mkubwa akaingia ndani kulala. Mama akaja na ungo wake, akakaa chini karibu nami. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Msibani kwangu alikuwepo, na shangazi aliposema yale yote, mama alikuwa pale pale mkekani, hakufungua mdomo.

"Umeandika kwa mama yako wangapi?" akauliza, huku anachambua mawe kwenye ulezi.

"Wanne. Mimi, dada, na wadogo zangu wawili."

"Mimi nimezaa saba."

Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Mama, saba wako wapi?"

"Unaniuliza wako wapi? Watoto waliokufa wako wapi?"

Akaendelea kuchambua.

"Kabla yako wawili. Baada ya dada yako mmoja. Mikono inavimba, miguu inavimba. Macho kama kiini cha yai. Wa pili ndiye aliyekaa sana, alikuwa amekwisha kujua kuchota maji."

"Mbona baba mkubwa hakuwataja?"

"Atawataja vipi? Mtoto akifa kabla hajaota meno ya ukubwani, wanaume hawaitwi. Tunamzika sisi wanawake, hakuna tanga, hakuna kunyoa, jina linarudi kwa marehemu aliyeitwa hivyo kwanza. Ukoo ni wale waliobaki. Hao ndio wanaohesabiwa. Hata baba yako alikuwa na ndugu zake waliokufa hivyo, bibi yako alinionyesha walipo. Shangazi yako anajua. Na wa kwake aliwazika palepale."

Msomaji, mimi nimezaliwa pale, nimekulia pale, nimelima matuta ya pale, na kitu hicho sikukijua. Mwanamume hawezi kukijua kwa sababu siku hiyo anaambiwa mtoto "amerudi", basi, kesho yake anakwenda shamba. Na ninaamini nyumba nyingi za Ufipa, ukimwomba mzee akuhesabie ukoo, atakuhesabia ukoo wa watu wazima tu, akisema wote walikuwa na afya. Watakosaje afya, wakati wagonjwa wameondolewa kwenye hesabu?

Nikamuuliza mama jambo ambalo mpaka leo najuta nilivyoliuliza, maana nilipaza sauti. "Ulikuwa pale mkekani. Ulisikia mke wangu anatukanwa. Ulijua. Kwa nini ulinyamaza?"

Mama akaweka ungo chini.

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo," akasema. "Alipokufa wa pili. Kwamba damu nimeileta mimi. Shangazi yako alikuwa msichana tu, lakini mdomo ulikuwa huo huo. Nilinyolewa, nikachanjwa chale mgongoni, nikalala jikoni kwa mama mkwe miezi mingi baba yako asije karibu. Ndipo ukaja wewe, ukakaa. Walinisahau. Nimekaa miaka yote hii ili waendelee kunisahau." Kisha akasema, taratibu zaidi, "Na wewe uliyesikia kwa mdomo wa daktari, ulisema nini?"

Nikafunga daftari. Darasa la nne langu, duka langu, bati langu, vyote havikunisaidia.

Nililala kijijini siku mbili. Ya tatu nikateremka bondeni. Ile njia ya kushuka Lyamba ukiwa na baiskeli unaishikilia kama unashikilia fahali, na kila hatua joto linapanda miguuni. Nilifika kwa baba mkwe ng'ombe zikirudi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake. Hakunikaribisha kiti.

"Tajiri wa Sumbawanga," akasema. "Umekuja kuchukua ng'ombe zako? Zile pale. Zimezaa. Unachukua na ndama, au ndama nazo zina damu mbaya?"

"Shikamoo, baba. Sikujia ng'ombe."

"Umejia nini?"

"Nimekuja kusema. Naomba na mwenyewe awepo."

Mke wangu akaja, mtoto kiunoni, akasimama mbali kidogo. Nilisema nikiwa nimesimama, jasho linanitiririka. Nikasema daktari alitaja wote wawili, baba na mama, na mimi mbele ya watu nilitaja mmoja. Nikasema na kwetu watoto wa namna hiyo wako, mama yangu amezika watatu, na bibi yangu kabla yake. Nikasema sikujua, lakini hata kabla sijajua nilikuwa nimekwisha kuambiwa.

Mzee akageuka akafunga zizi pole pole, gogo baada ya gogo.

"Kwa hiyo alisema wote wawili."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulisikia mmoja."

"Ndiyo."

"Na masikio yako mbona makubwa tu." Mmoja wa shemeji zangu akacheka nyuma ya zizi, mzee akamkaripia kwa Kisukuma. Halafu akaniambia, sauti imeshuka, "Dada yangu mimi, kule tulikotoka, alizika wa namna hiyo. Wawili. Nilimwona mjukuu wangu macho yake nikajua. Sikusema, maana ulikuwa unasema wewe."

Hapo nilidhani mambo yamekwisha. Nikamtazama mke wangu. Yeye akasema, "Nimekusikia. Lakini mimi sikutukaniwa hapa. Nilitukaniwa kwenu, mbele ya jamaa zako wote, na wewe ukawasaidia. Hapa kwetu unaongea vizuri sana. Kaongee kwenu."

"Nikishaongea utarudi?"

"Kaongee kwanza."

Siku ya kumaliza msiba wa binti yangu, mwaka uliofuata baada ya mavuno, jamaa wote walikusanyika kijijini. Misa ilisomwa asubuhi, pombe ya ulezi ikafuata. Nilingoja watu wakae, bado hawajalewa. Nikasimama. Mimi si mtu wa kutetemeka, nimesimama mbele ya maofisa wa forodha na sabuni chini ya magunia sikutetemeka, lakini siku ile niliwasalimia watu mara mbili kabla ya kuanza. Nikasema yote. Nikasema na la mama, kwa ruhusa yake. Baba mkubwa akainama. Wanaume wengine wakawa wanaangalia mitungi kana kwamba imeandikwa kitu.

Shangazi akasema, "Mwanangu amesoma sana huyu. Sasa hata makaburi ya wanawake anayajua." Akacheka peke yake.

Ndipo mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya kikao cha wanaume, akasema kutoka pale alipokaa, "Wifi, wako walikuwa wawili. Nilikushikia jembe."

Shangazi alinyanyuka, akakung'uta kanga, akaondoka. Mpaka anakufa hakunisalimia tena vizuri, na kwangu Izia hakukanyaga. Sikumfuata kumbembeleza. Lakini nilikuja kufikiri sana juu yake baadaye, kwamba huenda mdomo wote ule ulikuwa wa mtu aliyezika wawili na hakuruhusiwa kulia.

Mke wangu aliporudi hakuniletea habari. Nilimwona tu siku moja anashuka kwenye pikapu iliyopanda na magunia ya mpunga, mtoto mgongoni. Kazi ya kwanza tuliyoifanya ni kumpima yule mtoto. Alikuwa nao. Safari hii nilisikia maneno yote, na yale niliyohofia kuyasahau nilimwomba daktari aniandikie. Yule mtoto tulimpeleka akakulie bondeni kwa babu yake, kwenye joto, chini ya chandarua, na zahanati ya pale tuliiarifu. Likizo tulikuwa tunashuka sisi, yeye hapandi. Sasa ni mwanamume, ana ndevu. Anaumwa, anapona, anaumwa. Yupo.

Ila kabla ya kumteremsha, mama yangu alituma ujumbe kwamba anamtaka mkwe wake kijijini. Tukaenda wote. Mama alitoka na jembe begani na kanga mpya mkononi, akamwambia mke wangu, "Twende nikakuonyeshe." Mimi nikafunga viatu nikawafuata. Walikuwa wanashuka kuelekea kijito, mmoja nyuma ya mwingine, mkwe na mama mkwe, na mama alikuwa anaongea, anaongea, mwanamke yule wa maneno machache, sijui alikuwa anamwambia nini.

Tulipofika mwisho wa matuta mama akageuka.

"Wewe ishia hapo," akaniambia.

"Mama, ni ndugu zangu."

"Ndiyo. Ishia hapo."

Nikaishia hapo, nimembeba mtoto. Nilisikia wakifyeka majani, kisha sikusikia kitu, kisha nikasikia wanalia, wote wawili, kwa sauti kubwa ya msiba wa kweli, mchana kweupe. Walikaa sana. Waliporudi walikuwa na udongo magotini na hawakuniambia lolote. Mke wangu akampokea mtoto, tukapanda kwenda nyumbani. Mahali penyewe sijapaona hadi leo.